Mimi Ndiye Niliyepeleka Barafu Takaba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa chombo ambacho baadaye hakuna mtu kutoka Garissa mpaka Mandera aliyekijua kunishinda. Kilikuwa projekta ya filamu, imefungwa ndani ya sanduku la mbao kwenye gari la Mradi wa Mazingira, na Afisa wa Uenezi alisimama mbele yake amekunja mikono kama analinda benki.

"Wewe ni wa jenereta," akaniambia. "Unawasha, unazima. Hii hapa inataka mtu aliyesoma."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, tena la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba waliisha kwa ukame na mtu lazima ale. Mwaka haukwisha, Afisa huyo huyo akawa ndiye ananishikia tochi mimi nikiunga filamu iliyokatika. Mikono yangu haikuwa na cheti lakini ilikuwa na akili.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaodhani picha huzaliwa mfukoni. Wakati wetu, miaka ile ya tisini, picha ilikuwa na uzito. Filamu ilizungushwa kwenye gurudumu la bati kubwa kama sinia, ikapita mbele ya taa kali, mwanga ukaibeba mpaka kwenye kitambaa cheupe tulichokifunga ubavuni mwa gari. Ikisimama mbele ya taa hata kidogo, inaungua. Unaona doa la kahawia kwenye kitambaa linakua kama chapati iliyosahauliwa, na watu wanapiga kelele wakidhani ni sehemu ya hadithi. Vumbi la Garissa linaikwaruza. Joto la Garissa linailegeza. Upepo unakivimbisha kitambaa, uso wa daktari kwenye filamu unanenepa na kukonda, watoto wanacheka, na ujumbe wa kuchanja ng'ombe umekwenda na upepo. Haya yote niliyatatua mimi. Nilishona mifuko ya mchanga chini ya kitambaa ili kitulie, na ofisi nyingine zikaja kuiga bila hata kusema asante.

Kutoka Garissa nikapelekwa Lafey, halafu Banissa, na mwisho Takaba, zote za Mandera. Dereva wetu alipoacha kazi hakuletwa mwingine, wakanipa ufunguo. Mfasiri alipooa akahama, hakuletwa mwingine. Wakanipa kipaza sauti. Nikawa dereva, fundi wa sinema na mfasiri, kwa mshahara wa mtu wa jenereta. Nikilalamika naambiwa, "Wewe ndiye unayeweza." Kweli nilikuwa naweza. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikiwa Takaba ndipo akaja Mratibu wa Mradi, mtu wa bara, viatu vyake vinang'aa hata baada ya safari ya siku nzima. Alikuwa na filamu mpya na kazi moja. Kando ya Takaba kuna bonde zuri la nyasi. Mradi ulitaka wazee wakubali kulifunga wakati wa gu, yaani masika yetu, mifugo isiingie, ili nyasi zikae akiba mpaka jilaal, kiangazi kikali kinachoua. Wazee walikuwa wamekataa mara mbili. Nani atamzuia ngamia mwenye njaa asile nyasi anazoziona, kwa ajili ya njaa asiyoiona?

"Filamu hii itawashawishi," Mratibu akasema. "Wakielewa dunia inavyobadilika, watafunga wenyewe. Na wasipokubali kabla ya mvua, makao makuu yanahamisha mradi. Gari pia."

Gari pia! Gari likienda, mimi naenda wapi? Nani ataajiri fundi wa sinema wa darasa la nne kasoro? Nikauliza, "Filamu inahusu nini?"

"Barafu."

Nikadhani anatania. Takaba, mahali ambapo soda ya baridi ni habari ya wiki nzima! Lakini Mratibu, niseme ukweli, alijua kufundisha akitulia. Alinikalisha chini nipate kufasiri vizuri.

"Kanzu nyeupe na kanzu nyeusi, ipi inakuchoma juani?"

"Nyeusi, mzee."

"Barafu ndiyo kanzu nyeupe ya dunia. Huko kwenye ncha zake, kaskazini na kusini, imefunika bahari na nchi kavu, inalirudisha jua lilikotoka. Ikiyeyuka, chini yake kuna maji ya giza, nayo yanameza joto. Yakimeza joto, barafu nyingine inayeyuka. Kanzu inazidi kuwa fupi."

Akanieleza kwamba barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haiongezi maji, kama kipande kilichomo ndani ya glasi, bali ile ya nchi kavu ikiteremka ndiyo inayoinua bahari. Akanieleza kwamba chini ya ile inayoelea huota vijimea vya kijani vidogo kuliko vumbi, vinaliwa na wadudu wa maji, wadudu wanaliwa na samaki, samaki wanaliwa na sili, ambaye ni mnyama wa bahari anayepanda juu ya barafu kupumzika na kuzaa, na sili analiwa na dubu mweupe. Ukiondoa barafu umeng'oa kigingi cha kwanza, hema lote linalala. Na bahari ikipata joto, pepo zinabadili tabia, na mvua zinazotegemea pepo hizo zinapoteza adabu: mara nyingi mno, mara hakuna.

"Nimeelewa," nikasema.

"Sasa fasiri neno kwa neno. Usiongeze chako."

Neno kwa neno! Hebu mwambie mchungaji wa Takaba "dubu" uone. Dubu ni nani? Baada ya swala ya Magharibi watu wakajaa, nikawasha, na yule mnyama akatokea kwenye kitambaa, mkubwa, mweupe, anatembea kichwa chini akitafuta cha kuua. Watu mia wananitazama wanataka jina. Nikatafuta kichwani mnyama mwenye kichwa kizito, anayenusa, anayekula mizoga. Nikasema kwa kipaza sauti, "Huyo ni fisi wa baridi."

Filamu ikaendelea. Barafu ikapasuka. Fisi wangu akaanguka majini, akaogelea, akachoka, na sauti ya huzuni ikasema wanyama hawa wanakwisha. Nikafasiri. Uwanja mzima ukalipuka kwa furaha.

"Alhamdulillahi!" akapaza sauti Eddo Habiba, yaani shangazi Habiba, mama mmoja mwenye mbuzi wengi na ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima. "Azame! Azame na ndugu zake! Warya, wewe wa sinema, hiyo barafu inayeyuka lini huku kwetu ituondolee na hawa wetu?"

Mratibu, ambaye hakujua Kisomali hata cha salamu, akanishika bega, uso unang'aa. "Umeona? Wamefurahi! Wameelewa!"

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na jenereta.

Kesho yake nikarekebisha. Nikawaambia yule si fisi, ni mnyama wa Mungu kama twiga, hana kosa na mbuzi wa mtu, na barafu kwake ni kama kisima kwa ngamia. Wakasikitika kidogo, kwa heshima. Ndipo mzee wao, Oday Edin, mtu aliyekuwa haongei mpaka wengine wachoke, akaniita adeer, yaani ami, kwa heshima, akauliza swali ambalo lilinifuata maisha yangu yote.

"Adeer, nani alikwenda?"

"Kwenda wapi, mzee?"

"Huko kwenye barafu. Aliyeona ni nani? Mtoto wa nani? Alipita njia gani, alikunywa maji wapi?"

"Ni mzungu fulani, mzee. Alipiga picha."

"Fulani," akasema Oday Edin, na neno hilo likaanguka chini kama mzigo.

Nieleze kwa wasiojua. Sisi watu wa mifugo hatuhami kwa kusikia. Kabla ya kuhama tunatuma sahan, mtu wa kwenda kuangalia malisho na maji kwa macho yake, mtu ambaye baba yake anajulikana. Sahan akirudi anapewa maji, anakaa, na hakuna anayemharakisha. Kisha anasema mambo yake kwa makundi matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, nisiyoyaona. Akichanganya la kusikia na la kuona, mifugo inakufa, na yeye hatumwi tena mpaka anaingia kaburini. Sasa sisi tulikuja na kitambaa. Kitambaa hakina baba.

Nikamweleza Mratibu. Unajua alifanya nini? Akaamuru tuonyeshe filamu tena. Halafu tena. Halafu tena, sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mpaka watoto wa Takaba wakaijua kwa moyo, wakawa wanacheza barafu vumbini, mmoja sili, mmoja fisi. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki na wazee hawajasema neno.

Nikachoka. Nikamfuata hemani.

"Mzee, wewe ukinunua ngamia, unanunua picha yake?"

"Una maana gani?"

"Nipe gari na mafuta. Nchi hii ina mlima wenye barafu. Nimpeleke sahan wao akaone."

"Mlima Kenya?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mafuta ya mradi si ya utalii. Na barafu ya mlima ule ni kidogo, si ile ya kwenye ncha. Haileti mvua ya Takaba wala haiizuii. Ni dalili tu."

"Sisi tunahama kwa dalili, mzee."

Akatembea huku na huku na viatu vyake vinavyong'aa. Mwisho akasema, "Nenda. Ukirudi na jibu la hapana, usiteremke garini. Endesha moja kwa moja mpaka Garissa, ukabidhi ufunguo."

Wazee wakamtuma Issack. Mwembamba, kimya, ndevu chache, kikoi na viatu vya akala vilivyokatwa kwenye tairi. Alikuwa amewahi kuwaokoa kwa kuwapeleka kwenye nyasi ambazo hakuna aliyeamini zipo. Eddo Habiba akaja na dhiil yake, kibuyu cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi na kufukizwa moshi.

"Nileteeni hiyo barafu nionje," akasema. "Na wewe wa sinema, ukinipotezea dhiil yangu usirudi. Kaa huko huko uchunge fisi wako weupe."

"Eddo, barafu itayeyuka njiani."

"Nimekuuliza?"

Tukaenda Wajir, Modogashe, Isiolo, kwenye msafara wa malori na askari wa kutusindikiza kwa ajili ya majambazi. Issack hakusema kitu ila kutaja mimea tuliyopita. Nilimsimulia maisha yangu yote, hata akalala. Nanyuki tukafika alfajiri, mawingu yameinuka, na mlima ukawa umesimama pale, mweusi wenye meno, na katikati ya meno vipande vyeupe. Issack akateremka garini. Akatazama muda mrefu.

"Ile ndiyo?"

"Ndiyo ile. Umeona sasa. Twende tukanywe chai."

"Nimeona cheupe," akasema. "Hata chumvi ni nyeupe. Hata mfupa."

Basi! Ikabidi tutafute mtu wa kumpandisha. Tukampata mzee mpagazi, mtu wa hapo hapo aliyebeba mizigo ya wapanda mlima tangu ujana wake, akatukodishia makoti. Mimi nilibaki chini na gari. Msinicheke. Gari la mradi lina projekta ndani, lazima mtu alilinde, na baridi ya hapo chini peke yake ilikuwa imenifunga magoti. Issack akapanda na akala zake, soksi mbili, na dhiil ya Eddo Habiba begani.

Aliporudi midomo imepasuka na macho mekundu, lakini ametulia kama mtu aliyetoka msikitini. Dhiil ilikuwa nzito. Mzee mpagazi alitikisa kichwa. "Rafiki yako ameniuliza maswali mpaka nimekumbuka marehemu," akaniambia. "Ameniuliza nilipokuwa kijana barafu ilifika wapi. Nikamwonyesha jiwe. Ameketi juu ya jiwe hilo, akatembea mpaka ilipo sasa, akarudi, akatembea tena."

Safari ya kurudi ilinizeesha. Jua kali, tumepita Modogashe, rejeta ikachemka, mvuke unapiga kelele kama birika. Maji yetu yameisha. Nikageuka nikaitazama dhiil.

"Hapana," akasema Issack.

"Warya Issack, hiyo si barafu tena! Tikisa usikie. Ni maji! Maji ya kawaida! Yatie kwenye rejeta twende nyumbani!"

"Ni ya Eddo."

"Eddo alitaka barafu!"

"Alisema tumletee. Sikuambiwa nimwage njiani."

Nikamtukana kwa Kisomali, kwa Kiswahili na kwa maneno ya mafundi wa gereji ambayo hayana lugha. Akaweka dhiil mapajani, akaikumbatia, akatazama njia. Tukakaa juani mpaka lori la mbuzi likapita na kutupa maji. Mbingu ya mashariki ilikuwa nyeusi tayari. Nikaona kazi yangu inanyesha.

Takaba watu walitungoja. Issack akapewa maji, akanywa taratibu. Mratibu alitaka kuuliza, nikamshika mkono wa shati, mimi mtu wa jenereta, nikamwambia, "Mzee, nyamaza." Akanyamaza.

"Niliyoyaona," Issack akaanza. "Nimeona barafu. Ni maji yaliyokufa yakawa jiwe. Nimeikanyaga. Pembeni mwake inatoa machozi mchana, na machozi yanakuwa kijito. Nimeona jiwe lililosuguliwa likawa laini kama mgongo wa kisu, na jiwe hilo sasa liko mbali na barafu, mbali kuliko anavyoweza kurusha jiwe kijana mwenye nguvu. Niliyoyasikia: mzee wa huko, aliyezaliwa na kukua chini ya mlima huo, anasema alipokuwa kijana barafu ilililalia jiwe hilo. Nisiyoyaona: sikuona barafu ya baharini. Sikuona yule mnyama mweupe. Hayo ni ya kitambaa, siyasemei."

Mratibu alipofasiriwa hayo ya mwisho alifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Oday Edin akauliza, "Barafu hiyo ndiyo inatunyima mvua?"

"Hapana. Hata wao wenye kitambaa wanasema siyo. Mzee, ngamia nundu yake ikipungua, nundu siyo iliyoleta ukame. Lakini mtu akingoja nundu iishe kabisa ndipo atafute malisho, huyo si mchungaji. Nimeiona nundu ya mlima. Imepungua."

Eddo Habiba akasogea, akaichukua dhiil yake, akafungua kifuniko, akachungulia.

"Hii ni maji," akasema.

"Ndiyo, Eddo."

"Ulitia barafu?"

"Nilitia barafu kwa mkono wangu. Vidole viliuma."

"Basi iko wapi?"

Eddo akaonja, akampa Oday Edin. Mzee akanywa funda moja, akaipitisha dhiil kwa mzee wa pembeni, na yeye kwa mwingine, mpaka ikazunguka wote. Hakuna aliyefanya mzaha, hata Eddo. Nilionyesha filamu ile Takaba mara nyingi kuliko nywele za nyusi zangu, na sijawahi kuona watu wamekaa kimya namna ile.

Bonde likafungwa kabla ya mvua kushuka. Liliumiza. Gu yote watu waliona nyasi zinafika kiunoni na hawaingii, na mara mbili vijana walipigana na wafugaji wa mbali waliotaka kuingiza ng'ombe. Jilaal iliyofuata ilikuwa mbaya, na mbuzi wa Eddo Habiba walikula bonde. Ukimuuliza anasema ni akili yake. Makao makuu wakaandika kwamba filamu ilifanya kazi nzuri sana, wakamwandalia Mratibu sherehe Nairobi. Jina la Issack halikuandikwa, langu ndiyo usiseme. Mratibu, kwa haki, alinitumia viatu. Vilikuwa vidogo.

Mradi ulipokwisha nilinunua ile projekta kwenye mnada, nikafungua ukumbi wa sinema Garissa, halafu video, halafu maduka. Mtu niliyeanza na jenereta ya wengine, leo nina tatu zangu na nyumba ya mawe, na watoto wanaendesha biashara nami nimepumzika kabla ya mvi kunimaliza. Wenye vyeti wanakuja kukopa kwangu. Sijutii kazi ile hata kidogo, isipokuwa jinsi ilivyonitia hasira, na hasira zenyewe bado ninazo. Kila mwaka inakuja ofisi mpya na gari jipya na picha mpya, kali zaidi, na watu wao wanashangaa kwa nini wazee hawashawishiki.

Juzi vijana dukani walinionyesha kwenye simu barafu ya mlima ule ule. Imebaki kama ukoko wa ugali uliogandia pembeni mwa sufuria. Mmoja akasema, "Mzee, wewe si ulikwenda? Ulishika?"

Mnanijua. Sijawahi kuacha sifa ipite bila kuikamata. Na Issack yuko Takaba, mbali, nani angenipinga?

"Niliona cheupe kutoka chini," nikamwambia. "Aliyeshika ni Issack. Mimi niliendesha gari."

Wakacheka mpaka wakashika kaunta. Nikawaacha wacheke, kisha nikawauliza kati yao nani amekwenda. Kila mtu akaitazama simu yake.

"Basi nendeni upesi," nikasema. "Kesho kutwa itakuwa ya kusikia tu."